Fundi anasema inchi 2, shemeji anasema inchi 6: pakingi yangu nimwage zege la unene gani?

SWALI

Shikamoo mzee,

Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Kivule hapa Dar es Salaam. Tulihamia kwenye nyumba yetu ikiwa bado haijaisha, si unajua yale maisha ya kuhamia alafu mnamalizia mkiwa humo humo, leo dirisha kesho rangi. Safari hii nimeamua nimalize pale mbele maana masika ikija getini panakuwa tope tupu, gari inateleza, watoto wanaingia na matope mpaka sebuleni, yaani ni vita kila siku.

Nataka kumwaga zege la pakingi kutoka getini mpaka kwenye baraza, nimepima upana mita 3 na urefu mita 6. Gari yetu ni IST tu, ila mume wangu ana mpango wa kuchukua Noah mambo yakikaa sawa. Na maji ya bomba kwetu ni ya kubahatisha kwa hiyo mara moja moja tunaita boza, linaingia mpaka ndani linashusha maji ndo linatoka.

Sasa tatizo langu ni unene. Fundi wetu (ni mtu mzuri na nyumba yote katujengea yeye, simdharau) anasema inchi 2 zinatosha kabisa eti pale chini ni kichanga na gari zimepakanyaga miaka yote pameshajishindilia penyewe, atamwaga inchi 2 juu atapiga niru ing'ae, mifuko 6 ya simenti kazi imeisha. Shemeji yangu yuko Dubai kwenye kampuni ya ujenzi, nilipomtumia picha WhatsApp akasema hapana, weka inchi 6 na nondo za milimita 12 chini na juu la sivyo mtalia. Nikaingia YouTube nikamuona Mmarekani anamwaga inchi 4 na zile pikapu zao kubwa zinapita juu yake vizuri tu. Mzee hizi ni namba tatu tofauti na kwenye mfuko wangu zina umbali mkubwa sana.

Kinachonitisha zaidi ni jirani. Mwaka jana alimwaga uwanja wake wote wa mbele, simenti niliona inashushwa nyingi tu, haikupita muda mrefu zege likapasuka mstari mmoja katikati kutoka ukuta mpaka ukuta. Sasa kama yeye aliyetumia hela nyingi limepasuka mi wa kuungaunga itakuwaje?

Simenti nilishanunua mifuko 10 iko stoo, imeandikwa 32.5, niliipata kwa bei nzuri.

Kingine kidogo, hiki naona hakina shida ila niseme tu: tunanunua tanki la lita 5000 na fundi kasema tusihangaike kulimwagia zege jingine, litakaa juu ya mfuniko wa shimo la choo pale pembeni maana zege lipo tayari. Shimo lenyewe ni kama mita 2 na nusu kwa mita 3. Hilo nadhani liko sawa.

Nisaidie mzee wangu, fundi anasubiri jibu na anasema masika ikitukuta kabla hatujamwaga nisimlaumu.

Mama Wawili, Kivule

JIBU

Marahaba mwanangu, hongera kwa kujenga na pole na matope.

Naanza na hicho ulichokiita kingine kidogo maana ndo kikubwa kuliko vyote kwenye barua yako. Tanki lisikae juu ya mfuniko wa shimo la choo. Nasema hivyo bila kupepesa macho na hata kama hutafanya kingine chochote nilichoandika hapa hilo lifanye. Lita 5000 za maji ni kilo 5000, tani tano kamili, zinakaa pale usiku na mchana juu ya uwazi wenye kinyesi chini yake. Ule mfuniko ulimwagwa kwa ajili ya kuzuia harufu na mtu kupita juu, hakuna aliyekaa akauhesabia tani tano, na wewe mwenyewe huwezi kuniambia ndani yake kuna nondo gani, zimekaa chini au juu, zimepishana sentimita ngapi. Na hewa inayotoka kwenye choo ina kawaida ya kula zege na nondo kwa upande wa chini ambako huoni, kwa hiyo mfuniko wa miaka kadhaa juu unaweza ukaonekana mzima kumbe chini umeshaanza kumeguka. Ukivunjika hautoi taarifa. Hapo sijasema habari ya maji ya kunywa kukaa juu ya choo, hilo mnalijua.

Na hapa ndo nataka uone tofauti moja ambayo mafundi wengi mtaani wanaichanganya, na ukiishika utaelewa kwa nini umepewa namba tatu. Kuna zege linalolala chini juu ya ardhi, na kuna zege linaloning'inia hewani likiwa limeshikwa pembeni tu, kama slabu ya ghorofa au huo mfuniko wa choo. La chini kazi ya kubeba inafanywa na udongo, zege linasambaza tu uzito usiingie sehemu moja. La hewani linabeba lenyewe, na upande wake wa chini unavutwa kama unataka kuchanika, na zege likivutwa ni dhaifu sana, nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kugandamizwa, ndo maana nondo zinawekwa chini kule kunakovutwa. Unene wa slabu ya hewani unaanzia kwenye upana wa uwazi, mafundi wenye shule wanaanza na upana kugawa kwa 20, kwa hiyo shimo lako la mita 2 na nusu lingetaka sentimita 12 na nusu kwa watu wa kawaida tu kupita, tena na nondo zilizopangwa kwa hesabu. Ukishataka kupandisha tanki au gari pale juu hiyo siyo kazi ya fundi wala ya mimi kwa barua, ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na ERB, ile bodi ya usajili wa wahandisi, aje aone shimo na kuta zake. Zege la hewani usilipime kwa akili ya zege la chini, basi.

Sasa twende pakingi, hiyo ni ya chini na hapo tunaweza kuongea kwa uhuru.

Swali la kwanza siyo inchi ngapi, swali ni kitu gani kizito kuliko vyote kitapita pale, hata kama ni mara mbili kwa mwaka. Wewe umenitajia IST na Noah, hizo hazina neno, Noah ni tani moja na nusu na ushee inagawanyika kwenye magurudumu manne. Alafu ukanitajia boza kama mpita njia! Boza la lita 10,000 maji peke yake ni tani 10, hujalipima lori lenyewe, na sehemu kubwa ya uzito huo iko kwenye ekseli ya nyuma. Zege halijali gari lako ni lipi, linavunjwa na lile lililoingia siku moja likageuza tairi pale kwenye kona. Lori la mchanga, gari la kunyonya choo, boza, hao ndo wenye pakingi yako.

Kwa hiyo una njia mbili. Boza libaki nje getini na mpira ndo uingie ndani, hapo zege la inchi 5, yaani sentimita 12 na nusu, linakutosha vizuri kwa Noah na miaka mingi mbele. Au boza liendelee kuingia, hapo shemeji yako yuko sahihi kwenye unene, inchi 6, sentimita 15, na usipunguze hata kidole. Mi kwa mfuko wako nakushauri njia ya kwanza, mpira wa mita 20 ni bei ndogo kuliko zege. Ongea na dereva kabla, wengi wana mipira yao.

Inchi 4 ya yule Mmarekani siyo uongo, sentimita 10 ndo unene unaotumika sana kwa gari ndogo kama chini pametengenezwa vizuri, shida ni kwamba kwenye video wanakukatia ile sehemu ya kutengeneza chini. Na nikuchekeshe kidogo, mbao yao ya 2 kwa 4 ikishapigwa randa inabaki inchi moja na nusu kwa inchi tatu na nusu, kwa hiyo wengi wanaosema wamemwaga inchi 4 ukipima ni tatu na nusu.

Inchi 2 ya fundi wako hiyo hapana. Kwanza kokoto za kawaida ni za robo tatu, zile za milimita 20, na zege linatakiwa liwe nene angalau mara tatu ya kokoto lake kubwa, sasa inchi 2 ni milimita 50, kokoto hazina hata pa kulala. Pili ndo hili la hesabu ambalo watu hawaambiwi. Nguvu ya zege kuvumilia kukunjwa haiongezeki sawasawa na unene, inaongezeka kwa unene mara unene. Zege la inchi 4 siyo mara mbili ya la inchi 2, ni mara nne. Na ukitoka inchi 4 kwenda 5 unaongeza robo tu ya zege lakini nguvu inapanda kwa zaidi ya nusu. Inchi ile ya mwisho ndo inayokulipa kuliko zote, na ndo hiyo hiyo mafundi wanayoanza kuikata bajeti ikibana.

Tuweke kwenye mifuko. Eneo lako ni mita za mraba 18. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 mita moja ya ujazo inakula kama mifuko 6 na nusu ya kilo 50. Inchi 2 ni mifuko 6 kama alivyosema, inchi 4 ni 12, inchi 5 ni 15, inchi 6 ni kama 18. Yaani kutoka inchi 4 kwenda 5 ni mifuko mitatu. Mitatu tu mwanangu, na ukibomoa zege lililovunjika utalipa vibarua wa kubomoa, gari la kubeba kifusi, alafu unaanza upya na simenti ile ile.

Ila nikwambie ukweli, hela yako na akili yako nyingi weka kwenye udongo wa chini, siyo kwenye zege. Nimeshaona zege la inchi 6 limekatika kama kaki na la inchi 4 linapitiwa na lori la kokoto, tofauti ilikuwa udongo. Huyo fundi anaposema pameshajishindilia kwa kukanyagwa na gari, pamejishindilia wapi? Kwenye njia mbili za tairi. Katikati na pembeni ni pale pale palivyokuwa, kwa hiyo ukimwaga juu yake zege linakuwa limeegemea sehemu ngumu mbili na kwingine limekaa kwenye ulaini, na hilo ndo linavunja.

Kwa hiyo mwambie achimbe, aondoe udongo wote wa juu wenye majani na mizizi, ashuke kiasi kwamba ukiweka moramu sentimita 15 na zege juu yake mwisho unafika pale unapotaka ili maji yaondoke nyumbani. Akishachimba aangalie amekutana na nini. Kama ni kichanga mwagia maji ya kutosha na ushindilie, kichanga kikavu hakishindiliki. Kama amekuta mfinyanzi, hasa ule mweusi unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba masika, hapo aongeze kuchimba, atoe hata futi moja au zaidi ajaze moramu, kwa sababu udongo ule unanyanyua zege utake usitake. Wasomaji wangu wa Shinyanga na kwingine kwenye mbuga hili wanalijua kuliko mimi, kwao unene wa zege ni jambo la pili kabisa.

Moramu ya eneo lako ikishashindiliwa ni mita za ujazo 2 na pointi 7, kwa hiyo agiza kama 3 na nusu maana itabonyea. Imwagwe kwa tabaka, kama mnashindilia kwa mkono kila tabaka lisizidi sentimita 10, kama mmekodi kompakta ya sahani, ile mashine ya kushindilia, sentimita 15 inakubali. Kodi kompakta, ni siku moja tu. Ukitaka kujua kama pameshika chukua kipande cha nondo ya milimita 12 ukisukume kwa mikono, kikizama kirahisi kama kwenye shamba rudieni. Na kama una wazo la baadaye kupitisha waya wa taa ya getini au bomba, laza bomba tupu la PVC sasa hivi, ila lipite chini kwenye moramu, usikubali walilaze ndani ya zege maana pale lilipo zege linabaki nusu unene na ufa utafuata bomba kama umechorewa.

Alafu usiamini maneno "inchi 5" mpaka uone tepu. Mbao za pembeni zinaweza kuwa za inchi 5 kamili na katikati zege likawa inchi 3 kwa sababu chini kuna kilima, na ukishamwaga nani ataona. Kabla hawajaanza kuchanganya mwambie fundi avute uzi kutoka mbao mpaka mbao, we pita na tepu upime kutoka kwenye uzi mpaka chini, hapa, pale, sehemu kama kumi. Ukipata sehemu pungufu wakwangue. Hii ni dakika 15 na haina gharama, na fundi mzuri hatakasirika, akikasirika umeshapata jibu lingine.

Upande wa getini ambako gari inapanda kutoka barabarani zege ni dhaifu zaidi, kila ukingo wa zege ni dhaifu kuliko katikati yake kwa sababu hauna mwenzake wa kuusaidia upande wa pili. Kwa hiyo pale getini chimba kamtaro ka upana wa sentimita 30 ili zege la ukingo liwe nene inchi 8, simenti utakayoongeza haizidi mfuko mmoja, basi. Kama kuna sehemu moja ambayo shemeji yako ana haki ya kulalamika ni hapo, hapo ndo inchi zake zinahitajika.

Nondo. Nondo za milimita 12 chini na juu kwenye pakingi ya IST ni kutupa hela, hiyo ni slabu ya ghorofa shemeji ameihamisha. Zege linalolala chini halibebwi na nondo, nondo pale kazi yake ni kushika ufa usipanuke likitokea la kutokea. Wavu wa BRC A142, ule wa nyaya za milimita 6 zilizopishana sentimita 20, unatosha. Ila wavu huo ukae sehemu ya juu ya zege, kama sentimita 4 au 5 kutoka juu, umenyanyuliwa kwa vipande vidogo vya zege au vigoda vya nondo. Mchezo wa mtaani ni kulaza wavu chini kwenye moramu alafu saidia fundi anaahidi atauvuta kwa ndoano zege likimwagwa, ataukanyaga na utabaki chini kule kule, umenunua wavu wa kuwafurahisha mchwa.

Ufa wa jirani sasa. Mi sijauona lakini mstari mmoja ulionyooka katikati kutoka ukuta mpaka ukuta mara nyingi siyo habari ya unene wala ya simenti kidogo, hata simenti nyingi inaweza kuchangia. Zege likikauka linasinyaa, kwenye mita 6 linaweza kusinyaa milimita 2 au 3, na lazima litafute pa kuachia. Usipolitengea sehemu ya kupasukia litajichagulia lenyewe. Kwa hiyo lako lenye mita 6 ligawe katikati upate vipande viwili vya mita 3 kwa 3, kipimo cha kawaida ni kwamba umbali kati ya mkato na mkato usizidi mara 30 ya unene, na vipande viwe karibu na mraba. Njia rahisi ni kumwaga nusu leo nusu nyingine kesho na ubao katikati, au mwage yote alafu mkate kwa grainda jioni ile ile au asubuhi inayofuata, kina robo ya unene, kama sentimita 3. Ukingoja siku tatu zege litakuwa limeshapasuka kimya kimya. Hapo kwenye mkato wavu nao ukatike. Na zege lisigusane na ukuta wa baraza, weka kipande cha stairofomu cha sentimita moja kati yao ili kila mmoja acheze kivyake.

Simenti yako ya 32.5 usiimwage kwenye hili zege. Hiyo ni nzuri kwa kujengea tofali na plasta, kwa zege tunataka 42.5. Kama mifuko haijafunguliwa nenda kaongee na mwenye duka akubadilishie uongeze tofauti, akikataa itunze kwa plasta ya ukuta wa nje, ila iinue juu ya mbao isiguse sakafu wala ukuta, na usiikawize miezi na miezi.

Mchanganyiko: mfuko mmoja wa simenti, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto, ndoo zile za lita 20, zimejaa usawa siyo kilima. Mchanga usiwe wa baharini. Maji yasizidi kama lita 25 kwa mfuko, ndoo moja na robo, na mchanga ukiwa na unyevu unapunguza. Hapa ndo pa kusimama na macho yako maana zege likiwa gumu kusukuma vibarua wanaongeza maji ili liteleze, na kila ndoo ya maji ya ziada inakula nguvu ya zile inchi ulizozilipia. Unaweza kumwaga inchi 6 ya zege la majimaji ikawa dhaifu kuliko inchi 4 ya zege zito. Kodi mikisa, anzeni asubuhi mapema kabla jua la Dar halijapanda, moramu imwagiwe maji kidogo kwanza isinyonye ya kwenye zege ila yasituame.

Niru hapana. Pakingi inayong'aa ikipata mvua na oili kidogo ni barafu, mtoto atateleza na gari pia. Mwambie akishapiga rula na kusawazisha apitishe fagio juu kupata mikwaruzo. Na mteremko usisahaulike, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea getini, kwa hiyo kwa mita zako 6 upande wa baraza uwe juu ya getini kwa sentimita 6 hivi kwa uchache.

Turudi kwenye tanki, maana sijakuachia bila pa kuliweka. Limwagie zege lake mbali na shimo la choo, umbali usiopungua kina cha shimo ndo salama zaidi, na mbali na kuta za nyumba kidogo. Mita 2 na nusu kwa 2 na nusu, unene inchi 6, wavu wa BRC ule ule, hiyo itakula mifuko kama 6. Pima kitako cha tanki kabla hujalipa, matanki ya lita 5000 mengi yana kipenyo cha karibu mita 2, unataka zege lizidi sentimita 25 au 30 kila upande. Sasa utashangaa, tani tano zikienea kwenye kitako kile mgandamizo wake kwa kila sentimita ya mraba unakaribiana na wa mtu mzima aliyesimama peku. Kwa hiyo tanki siyo kwamba linavunja zege la chini, tatizo lake ni kwamba linakaa miaka bila kuondoka, udongo laini chini yake unazama upande mmoja, tanki linainama, bomba linakatika. Dawa yake ni ile ile ya kompakta na moramu, na juu zege liwe limenyooka kwa pima maji bila kijiwe hata kimoja maana kijiwe kinatoboa kitako cha plastiki. Na zege la tanki lisiungane na la pakingi. Kama fundi atakwambia linyanyuliwe juu ya nguzo ili maji yapate presha, tumesharudi hewani, rudia nilichosema cha mhandisi.

Kwa wengine wenye miradi midogo wanaosoma hapa nisiwarudishe mikono mitupu: njia ya kupita kwa miguu na banda la kuku inchi 3 inatosha kama chini pameshika, sehemu ya kufulia na baraza la kukaa inchi 4, sakafu ya ndani ya nyumba inchi 4 juu ya mawe na nailoni. Anayetaka pevingi badala ya zege, za milimita 60 ni kwa gari ndogo, lori likiingia chukua za milimita 80.

Ukishamwaga usiwape kisogo. Zege likianza kushika lifunike kwa magunia yaliyoloa au mwaga mchanga juu yake, lowanisha asubuhi mchana jioni kwa siku 7 bila kuruka, hata ukilazimika kununua maji. Kwa siku 7 litakuwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu yake, IST ingiza baada ya siku 10 mpaka 14, na kama utachagua lile la boza kuingia ndani, lisiingie kabla ya siku 28. Nawe patana na fundi kabisa kwamba malipo ya mwisho ni baada ya siku hizo 7 za kumwagilia, mwambie sasa kabla hajashika koleo.